Kabla ya kusema binti amechanganyikiwa

Binti wa miaka 15 anaumwa kichwa na kuwa na homa kidogo, inapita. Siku chache baadaye halali, anaongea mfululizo, anawaogopa hata wa nyumbani, kisha anatafuna wakati mdomoni hamna kitu na vidole vinacheza vyenyewe. Huyu anasema majini, yule anasema bangi. Kuna sababu nyingine, iliyoelezwa na Dk. Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007: kinga ya mwili kushambulia vipokezi vya NMDA, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Ugonjwa huu unatibika, na tiba ikianza mapema ndiyo bora.

Kabla ya kwenda hospitali, kikubwa kuliko vyote kwangu ni video. Mrekodini kwa simu, uso na mikono ionekane, maana daktari anaweza kumkuta katulia. (Video hiyo ni ya daktari, si ya kundi la WhatsApp la ukoo.) Andikeni pia homa ilianza lini, usingizi ulipotea lini, kama alianguka degedege na lini. Kuchanganyikiwa kulikokuja ghafla, tena pamoja na degedege, kunamfanya daktari autazame ubongo wenyewe.

Bebeni dawa zote, za kienyeji zikiwemo. Kama alichomwa sindano ya kumtuliza kisha akakakamaa na kuchemka mwili, semeni kabla hamjaulizwa; wagonjwa hawa wanaweza kudhuriwa na dawa kama haloperidoli.

Malaria na homa ya uti wa mgongo zitapimwa, na ndivyo inavyotakiwa. Ila picha ya ubongo ya MRI ikitoka safi msifungashe virago, kwani kwa wengi hutoka safi. Ulizeni kuhusu kipimo cha kingamwili (protini za kinga zinazoshambulia vipokezi hivyo) kwenye maji ya uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano mgongoni. Cha damu peke yake kinaweza kukosa kuuona ugonjwa. Kwenye sindano hiyo ya mgongoni ndipo wazee hugoma, wakihofia mtoto atapooza. Waelezeni mapema kwamba sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Kwa msichana, ombeni na ultrasaundi ya nyonga: wengine wana uvimbe kwenye ovari unaochochea ugonjwa, na kuutoa ni sehemu ya tiba.

Pangeni zamu za kulala wodini, maana ni wiki, pengine miezi. Shule nayo iambiwe: kumbukumbu huchelewa kurudi, hata mwili ukishapona.