Namna ya kukisia kampuni ya kompyuta inaelekea wapi, bila kuzugwa na nembo mpya

Kuna watu kampuni ikibadili nembo tu, kesho yake washaandika aya ishirini kwamba zama mpya zimeanza, na kuna wengine kwao kila kitu ni "hawa wanatuzuga tu". Wote wanakisia kwa hisia. Kiukweli kukisia kunafundishika, sio uganga, na hapa nakuonyesha ninavyofanya mimi, pamoja na pale nilipoangukia pua.

Kitu cha kwanza weka kichwani: jina huja mwisho. Kampuni iliyogeuka kweli inakuwa imeshageuka muda kabla ya kugusa bango. Chukua Apple, tarehe 9 Januari 2007, siku ileile bosi wao Steve Jobs anaonyesha iPhone ya kwanza pale San Francisco, akasema pia kampuni haiitwi tena Apple Computer, neno Computer linatoka. Watu wakaona mapinduzi. Ila rudi kwenye ripoti yao ya miezi mitatu ya mwisho ya 2005, waliuza iPod milioni 14 na Mac, yaani kompyuta zao, milioni 1.25 hivi, na iPod zikaleta dola bilioni 2.9 wakati Mac zimeleta 1.7. Yaani mwaka mzima kabla ya tangazo, kampuni ya kompyuta ilikuwa inaishi kwa kifaa cha kusikilizia muziki. Aliyeisoma ile ripoti alishangaa simu, jina wala.

Sasa linganisha na Sun Microsystems, kampuni ya seva. Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Agosti, wakabadili alama yao ya soko la hisa kutoka SUNW kwenda JAVA, wakitaka dunia iwaone kama watu wa Java, lugha yao ya kuandikia programu. Java ni kweli ilikuwa maarufu kuliko wao wenyewe, lakini pesa yao ilikuwa bado inatoka kwenye kuuza na kuhudumia mitambo, seva na hifadhi za data. Aprili 2009 Oracle, kampuni ya softiwea, ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.4 na Januari 2010 habari ikaisha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anza na pesa, tena ukurasa mmoja tu

Kampuni ya Marekani iliyo kwenye soko la hisa lazima ipeleke serikalini ripoti ya mwaka, fomu 10-K, na za robo mwaka, 10-Q, na zote zipo bure mtandaoni kwenye mfumo wa serikali unaoitwa EDGAR. Usisome kurasa mia, utachoka na utaacha. Tafuta jedwali linalogawa mapato kwa vitengo, nakili namba za robo nane mfululizo, alafu angalia kitengo gani kinapanda na kipi kinashuka. Ndo hivyo tu. Barua ya bosi kwa wanahisa iache mpaka mwisho, ile imeandikwa ikupendeze.

Mfano ninaoupenda ni Nvidia, watengeneza kadi za picha za kompyuta. Watu wengi walianza kuiita kampuni ya AI (akili bandia) baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, lakini kwenye robo iliyoisha Julai 2020 mapato ya kitengo cha data senta yalishapita yale ya gemu kwa mara ya kwanza, kama bilioni 1.75 kwa 1.65. Miaka miwili na ushee kabla! Na kabla ya hapo kulikuwa na CUDA, ile programu ya kufanya kadi za picha zipige hesabu za kawaida, waliitangaza 2006 wakati wateja wao wengi walikuwa wanataka gemu zikimbie tu. Mwaka 2012 watafiti wa AlexNet, mfumo wa AI, wakashinda shindano la kutambua picha wakitumia kadi mbili za gemu za Nvidia. Hakukuwa na nembo mpya pale. Jina lilelile, rangi ileile ya kijani, na kampuni nyingine kabisa ndani yake.

Kitu kingine humohumo kwenye ripoti, angalia kinachoacha kutajwa. Hii watu wanaipita sana. Novemba 2018 Apple walisema kuanzia sasa hawatataja idadi ya iPhone walizouza, na kipindi hichohicho wakaanza kuonyesha faida ya huduma peke yake. Miezi minne baadaye, Machi 2019, wakatangaza huduma ya filamu, ya gemu, ya magazeti na kadi ya mkopo kwa mpigo. Mtu akiacha kukuonyesha kitu alichokuwa anajivunia, ujue ameshachagua kingine cha kujivunia.

Wameua nini, wameuza nini

Mimi naamini zaidi kitu kilichouawa kuliko kilichozinduliwa. Kuzindua ni rahisi, unakodi ukumbi, unawasha taa. Kuua kitu kinachoingiza hela kunauma, kuna watu wanapoteza kazi, wateja wanalalamika, kwa hiyo wakifanya hivyo ujue wamemaanisha.

IBM ilipotangaza Desemba 2004 kwamba inaiuzia Lenovo ya China biashara ya kompyuta binafsi, wengi walipigwa na butwaa, ile ndo kampuni iliyoleta IBM PC mwaka 1981. Ila dalili zilijaa. Mwaka 2002 peke yake walishauza biashara ya hard disk kwa Hitachi kwa bilioni 2 hivi, na hapohapo wakanunua kitengo cha ushauri cha PwC, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, kwa bilioni 3.5. Unauza chuma, unanunua washauri... sasa hapo ulitaka wakwambie kwa lugha gani?

Na upande wa mnunuzi, Lenovo, nao una somo. Kampuni ile kwa nje ilijulikana kama Legend, wakabadili kuwa Lenovo mwaka 2003 kwa sababu ya kawaida sana, Legend lilishatumiwa na wengine nchi nyingi wasingeweza kulisajili. Kwa hiyo jina likibadilika jiulize kwanza, linatatua shida gani? Jina la Lenovo lilifungua mlango wa kuuza nje ya China, na mwaka uliofuata wakautumia. Hiyo ndo tofauti na jina linalobadilishwa ili watu wasahau kitu.

Wanachonunua kimyakimya

Manunuzi makubwa yana kelele, usiyategemee sana. Tafuta madogo ya ajabuajabu, yale ambayo ukisoma unajiuliza hawa hii wanaitakia nini. Aprili 2008 Apple walinunua kampuni ndogo ya kuchora chipu inaitwa P.A. Semi, dola milioni 278, kwao hela ya chai. 2010 ikatoka chipu yao ya A4 kwenye iPad, na Novemba 2020 Mac zikatoka na chipu yao ya M1 na safari ya kuziacha chipu za Intel ikaanza rasmi. Miaka 12. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo ukiona ununuzi wa hivyo, usiandike "mwakani watafanya hivi", andika "wamejipa uwezo wa kufanya hivi" na usubiri, maana haraka ndo inaharibu makisio mengi kuliko ujinga.

BlackBerry, watengeneza simu, nao pia, walipokuwa bado wanaitwa Research In Motion walinunua QNX mwaka 2010, mfumo endeshi ambao ulishakuwa ndani ya magari. Januari 2013 wakabadili jina la kampuni liwe BlackBerry, sawa na simu zao, siku moja na kuzindua BlackBerry 10, mfumo mpya wa simu zao. Ukifuata jina unasema hawa wamejifunga kwenye simu. Ukifuata ununuzi unaona mlango mwingine uko wazi, na kweli Septemba 2016 wakatangaza kuacha kutengeneza simu wenyewe na kubaki na softiwea, QNX ikiwa mojawapo. Jina likabaki la simu wakati simu hazipo, mambo ya dunia haya.

Bosi mpya? Futa nusu ya ulichoandika

Hapa HP ndo shule. Mwaka 2010 walinunua Palm, kampuni ya simu, kwa bilioni 1.2, Julai 2011 wakatoa tableti ya TouchPad yenye mfumo wa Palm, na tarehe 18 Agosti, wiki saba hivi baada ya kuanza kuuzwa, wakaiua. Siku hiyohiyo wakasema wanafikiria kukitenga kitengo cha kompyuta, na wakatangaza kuinunua Autonomy, kampuni ya softiwea ya Uingereza, kwa zaidi ya bilioni 10. Kila mtu akasema basi, HP inafuata njia ya IBM. Septemba bodi ikamuondoa bosi, Léo Apotheker, Meg Whitman akaingia, na mwisho wa Oktoba akasema kompyuta zinabaki. Alafu Novemba 2015 kampuni ikagawanywa mbili, HP Inc. ikachukua kompyuta na printa, Hewlett Packard Enterprise ikachukua seva na huduma.

Ukiangalia kwa utulivu, aliyesema 2011 "hivi vitu viwili havitakaa nyumba moja" alipatia, ila alikosea miaka minne na akakosea nani atafanya. Ndo maana mimi natenganisha kabisa, shinikizo linalosukuma kampuni ni kitu kimoja, mtu anayeshika usukani leo ni kitu kingine. Bosi akibadilika, tarehe zako zote ni za kufuta, lile shinikizo liache hapohapo.

Tetesi, hataza na matangazo ya kazi

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye teknolojia hapana, kuna mengine hayapo na wala hayaji.

Niliangukia pua kwenye gari la Apple. Dalili zote nilizokuwa naziamini zilikuwepo, walikuwa wanaajiri watu wa magari, kulikuwa na hataza (patent, haki za uvumbuzi), na 2017 walipata kibali cha kujaribu magari yanayojiendesha barabarani California. Nikawaambia watu kwa uhakika kabisa gari linakuja. Februari 2024 mradi ukafungwa, baada ya miaka kumi hivi ya kazi. Kosa langu halikuwa kuamini mradi upo, ulikuwepo kweli. Nilichanganya "wanajaribu" na "watauza". Tangu hapo nikiona ajira na vibali naandika tu kwamba wanajaribu, na nasubiri dalili za kuuza, mfano mikataba ya viwanda au miongozo ya watengeneza programu kuanza kubadilika. Watu wa programu lazima waambiwe mapema, bila wao kifaa kinatoka hakina kitu ndani.

Hataza usizipe uzito sana, Marekani maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kupelekwa, kwa hiyo unachosoma leo ni mawazo ya mwaka na nusu uliopita, na mengi hayazai chochote. Alama za biashara ziko karibu zaidi na kitu halisi, mtu hasajili jina la bidhaa kwa kujifurahisha. Ila makampuni nayo yanajua tunachungulia, kuna kawaida ya kusajili kwanza Jamaica ambako daftari lilikuwa gumu kupekua mtandaoni, alafu wanakuwa na miezi sita ya kupeleka maombi nchi nyingine wakihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Ukiona jina jipya limesajiliwa kwa mtindo huo na linadai tarehe ya miezi mitano nyuma, hapo kaa karibu na simu.

Kuhusu mabadiliko ya brandi yenyewe

Kama kilichobadilika ni majina ya bidhaa tu, swali ni moja: mteja anachagua kwa urahisi zaidi kuliko jana? Apple 1997 na 1998 Jobs alifyeka bidhaa mpaka zikabaki kama nne, za kawaida na za wataalamu, za mezani na za kubeba, ndo tangazo la Think Different likawa na kitu cha kusimamia. Dell Januari 2025 wao waliachana na majina kama XPS, la laptopu zao za bei ya juu, wakaleta Dell, Dell Pro na Dell Pro Max, mtu aliyeijua XPS miaka yote anabaki anajikuna kichwa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2026, XPS ikarudi. Jina ambalo wateja wameshalipenda lina thamani, na anayelitupa ili orodha ionekane nadhifu ofisini kwake kuna siku atalirudia.

Andika kisio lako hivi

Sentensi moja, tarehe ya mwisho, na uhakika kwa asilimia. Mfano: "Kufikia mwisho wa mwaka kesho kutwa, kampuni hii itakuwa imeuza au imetenga kitengo cha laptopu, uhakika asilimia 35." Chini yake andika kitu gani kikitokea utakubali umekosea, hii usiiruke, bila hiyo utajikuta unageuza maneno kila robo ili uonekane ulipatia. Ukijikuta umeandika asilimia 90, rudi kwenye lile gari langu kwanza. Alafu funga, weka kikumbusho kwenye simu cha siku ya ripoti inayofuata, na ikifika fungua jedwali la vitengo kabla hujasoma kichwa cha habari chochote.