Kabla hujatangaza mashindano ya chesi mtaani

Vibao kwanza. Wachezaji 22 ni vibao 11, na kimoja cha akiba, kwa sababu kuna kete itapotea tu. Vya plastiki vya bei ya chini vinatosha. Pita kila meza ukague mwenyewe: mraba mweupe wa pembeni uwe mkono wa kulia wa mchezaji. Hapa Kigoma wengi wetu tumetokea kwenye drafti, ubao tunaukalia tulivyoukuta.

Ukumbi: omba darasa siku ya Jumamosi, na umkumbuke mlinzi, yeye ndiye mwenye ufunguo. Karatasi za ratiba zibandike kwa gundi. Upepo wa ziwani hauna adabu.

Saa za chesi ni ghali, programu ya simu inafanya kazi ileile. Ila zima laini kabisa, kunyamazisha hakutoshi. Nimeona mtu kabakiza sekunde 12, mama mkwe akapiga.

Muda: wape dakika 20 kila mmoja. Mchezo hautazidi dakika 40, na raundi 5 ni saa 3 na dakika 20 za kucheza tu, bado kupanga. Funga uandikishaji nusu saa kabla, na atakayechelewa awe mtazamaji.

Mtoano usiuguse. Kijana apande daladala kutoka Ujiji, alipe kiingilio, afungwe mara moja, arudi nyumbani? Tumia mfumo wa Uswisi, ulioanzia Zurich mwaka 1895. Hatolewi mtu, kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako, au karibu na hizo, na hamkutani mara mbili. Raundi 5 zinatosha hadi watu 32. Idadi ikiwa witiri, mmoja hukaa na kupewa pointi 1, lakini asikae mtu yuleyule tena.

Sasa lililoniunguza mimi. Kiingilio kilikuwa shilingi 3,000, watu 22, nikatangaza mshindi wa kwanza anachukua 40,000. Raundi ya tano ikaisha, watu watatu wana pointi 4 kila mmoja. Sikuwa nimesema lolote kuhusu kulingana pointi. Nikakaa na kalamu nikapiga Buchholz, yaani unajumlisha pointi za wapinzani wote aliocheza nao mtu. Aliyekutana na wagumu anatangulia. Mmoja akapata 15, wa pili 14.5, wa tatu 13. Hesabu ilikuwa sahihi. Yule wa 14.5 akaniangalia, akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo sheria umeitunga saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikatoa 20,000 mfukoni kwangu nikampa, na wa tatu akaanza kudai yake. Mpaka leo yule wa 14.5 tukikutana sokoni Mwanga ananiita "Nusu Pointi".

Kwa hiyo andika ukutani kabla ya kete ya kwanza kusogezwa: tukilingana tunaanza na nini, kisha nini, au zawadi inagawanywa sawa. Lolote kati ya hayo ni halali likitangulia. Andika pia kwamba ukigusa kete yako unaicheza, na kwamba neno la mwamuzi ndilo la mwisho. Na mwamuzi asicheze, hata mkipungukiwa mtu.

Hela zishikwe na watu wawili. Maandazi yaliwe nje, mafuta na kete havipatani. Mwenyekiti wa mtaa ajue mpo. Chaji simu usiku, umeme usiutegemee, na nakala ya matokeo iwe kwenye daftari. Watoto wadogo waulizwe nyumbani kwao wanarudi na nani...