Nani aamue? Jinsi ya kupanga mtindo wa uongozi kazini kwa daftari moja

Nunua daftari la kurasa 48, lile la watoto wa shule. Kazi nzima tutaifanyia humo.

Ninasimamia ghala la nafaka mjini Busia, upande wa Uganda. Tuko watu 23: wapakizi, walinzi, mzee wa mizani, karani, madereva wawili na wanunuzi wanaozunguka vijijini. Makabila ni mengi: Msamia yupo, Mteso yupo, Mgisu yupo, wengine huvuka kila asubuhi kutoka Kenya, kwa hiyo kazi yote inakwenda kwa Kiswahili. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa bosi wa amri. Gunia halikusogea mpaka niseme. Siku moja nilivuka kwenda benki upande wa pili, simu ikazima chaji. Huku nyuma likaingia lori la mahindi. Mzee wa mizani akatafuna punje moja, akajua hayajakauka. Kulirudisha hakuwa na ruhusa, basi wakaliegesha uwanjani wakinisubiri. Mvua ikanyesha. Maturubai yalikuwa stoo, na stoo ilikuwa na kufuli.

Nilirudi nikawafokea wote. Mzee akangoja nimalize, kisha akasema taratibu, "Mkubwa, ufunguo ulikuwa na nani?"

Ulikuwa mfukoni mwangu.

Baadaye nilisoma majaribio ambayo wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White waliyachapisha mwaka 1939. Walikuwa na klabu za wavulana wa miaka kama 10 huko Iowa, Marekani. Wavulana walioongozwa kwa amri walifanya kazi nyingi, ila kiongozi akitoka chumbani kazi inalala. Walioshirikishwa waliendelea hata akiwa nje. Walioachiwa wajifanyie watakavyo ndio waliofanya kidogo kuliko wote. Nililikumbuka lori langu. Hata hivyo sikushauri uchague mtindo mmoja uuvae kama shati. Chagua mtindo wa kila uamuzi, na njia yenyewe ni hii.

Hatua ya 1: Siku sita za kuandika

Jumatatu hadi Jumamosi, kila mtu akikujia na "Mkubwa, tufanyeje?", usijibu kwanza. Muulize, "Wewe ungefanyaje?" Kisha andika mambo manne kwenye mstari mmoja: swali lenyewe, aliyeuliza, jibu lake, jibu lako.

Siku mbili za mwanzo watu watadhani unawatega. Mpakizi mmoja aliniangalia kama anayeulizwa na polisi. Vumilia. Jumamosi jioni hesabu mistari ambayo jibu lake na lako yalilingana. Kwangu ilipita nusu. Maana yake nilikuwa mlango uliofungwa, watu wanabisha kupata kitu walichokuwa nacho tayari.

Andika pia maamuzi unayoyafanya bila kuulizwa na mtu: bei ya kununulia, nani akopeshwe, zamu za usiku. Hayo husahaulika kwa sababu hayana mbishaji.

Hatua ya 2: Pima uzito

Kwa kila uamuzi jiulize: ukikosewa, hasara yake inarekebishika? Muda wa kushauriana upo? Na habari kamili iko kwa nani, kwangu au kwake?

Chukua unyevu wa mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Juu ya hapo kuvu huota, na kuvu huleta sumukuvu, ile aflatoksini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Ilipofungua tena siku chache baadaye, ilidai cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sisi wa Busia hatuhitaji kusimuliwa, tuliyaona malori yamesimama. Kwa hiyo kosa hapa ni ghali, na harufu ya kuvu ikishaingia ghalani haitoki.

Meneja wa kawaida atasema: jambo zito, basi niamue mimi. Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo lori lilivyolowa. Nilichojifunza ni kuupasua uamuzi mara mbili, kanuni na utekelezaji. Kanuni ni yangu, haijadiliwi: kipimo kikizidi 13.5, hatupokei. Utekelezaji ni wa mzee wa mizani. Anapima, anakataa, lori linageuka, mimi napata habari jioni. Ukipasua hivi maamuzi yako mazito, utashangaa ni mangapi hayahitaji uwepo wako.

Hatua ya 3: Weka alama nne

Mwaka 1958 wataalamu wa uongozi Robert Tannenbaum na Warren Schmidt walipanga namna mamlaka yanavyoweza kuhama kutoka kwa meneja kwenda kwa wafanyakazi, hatua saba. Saba ni nyingi kwa ghala. Mimi natumia nne, na huziandika pembeni mwa daftari:

MIMI: naamua, natangaza.
NAULIZA: nasikiliza, kisha naamua mimi.
SOTE: tunakaa tunakubaliana, na neno la kikao linanifunga mimi pia.
WEWE: amua, kisha nijulishe.

Moto ukiwaka au mvua ikija juu ya mzigo ulio wazi, ni MIMI, au yeyote mkubwa aliyepo. Bei ya msimu ni NAULIZA, kwa sababu wanunuzi wanajua soko la kijijini ila hawajui deni letu. Zamu za wapakizi ni SOTE. Wao ndio wanaojua nani ana mgonjwa, nani Ijumaa lazima awahi msikitini.

Jihadhari na NAULIZA ya uongo. Kama umeshaamua, usiitishe kikao. Watu wazima wanajua wanapochezewa, na ukiwaita mara ya pili watakuja na midomo iliyofungwa.

Hatua ya 4: Mtazame mtu na kazi pamoja

Wataalamu wengine wa uongozi, Paul Hersey na Ken Blanchard, mwaka 1969, walieleza kwamba mtindo ufuate utayari wa mtu kwa kazi ile: anaiweza? Anaitaka? Wengi wanalisahau neno "kwa kazi ile". Dereva wangu wa siku nyingi nikimfundisha barabara ya Tororo nitakuwa namtukana. Lakini tulipoanza kumtuma na karatasi za forodha, alikuwa mgeni kabisa. Barabarani ni WEWE, kwenye karatasi ni MIMI, mstari kwa mstari, mpaka alipozizoea. Alinishukuru. Kumwachia mgeni uhuru wote ni kumtupa mtoni.

Hatua ya 5: Bandika ukutani

Andika kila uamuzi chini ya alama yake: karatasi moja, Kiswahili chepesi, herufi kubwa. Isome kwa sauti kwenye mkutano wa asubuhi, maana si kila mtu anasoma.

Hatua ya 6: Uhuru uwe na mpaka

Hapa nilianguka mara ya pili. Baada ya lori lile niliwaachia wanunuzi bei moja kwa moja: "Nyinyi ndio mko huko, amueni." Ndani ya wiki kila kijiji kilikuwa na bei yake, wakulima wakapigiana simu, na tukaonekana matapeli. WEWE bila mpaka ni kujitoa kazini ukiwa bado unapokea mshahara. Taja kiasi (kwetu matengenezo madogo hayazidi shilingi 50,000), taja saa ya kuripoti, taja jambo ambalo akiliona lazima asimame apige simu.

Hatua ya 7: Kosa likitokea

Tenganisha aliyekosea ndani ya mpaka na aliyeuvuka. Wa kwanza mlinde hata mbele ya mteja, la sivyo kesho kila mtu atarudi kwenye "Mkubwa, tufanyeje?" Wa pili mwite, lakini usimfukuze kwa hasira. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbovu, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mtu amtakaye karibu naye wakati unamweleza. Naye apewe nafasi ya kujitetea. Ukiruka hapo unaweza kudaiwa mshahara wa wiki nne kwa kosa hilo tu. Angalia hilo la lugha: barua ya Kiingereza kwa mpakizi asiyekijua haijamweleza kitu.

Hatua ya 8: Mwenye mali

Biashara zetu nyingi zina mwenyewe. Wetu ni Hajji. Anaingia saa nne, anamwona kijana amekaa, anamwambia akapakie lori ambalo hesabu zake hazijakwisha. Kijana atamkatalia Hajji? Hawezi. Na wewe ukimpinga hadharani umevunja heshima.

Nenda kwake nyumbani, siyo ofisini, ukiwa na daftari. Mwonyeshe mistari ya siku sita na hasara zilizotokana na amri mbili kugongana. Kisha muombe achague maamuzi yake mwenyewe, yaandikwe. Wangu alichagua matatu: mikopo, kuajiri, na kununua gari. Nikaongeza safu ya tano kwenye karatasi ya ukutani, HAJJI. Siku hizi akiingia na amri nyingine, mzee wa mizani humletea kiti na chai, kisha humwonyesha ukuta.