Jinsi ya kuomba nafasi ya kucheza voliboli chuo cha Marekani ukiwa bado shuleni Kenya

Hii naiandika kwa wasichana wanaocheza voliboli shuleni, wale wa form two hasa (kwa mfumo mpya ni gredi ya 10), na kwa mwalimu wa games mwenye mchezaji mzuri na hajui aanzie wapi. Wavulana pia fuateni, hatua ni zilezile, ila timu za wanaume kule vyuoni ni chache mno ukilinganisha na za wanawake na msimu wao ni Januari mpaka Mei, wakati wanawake wanacheza kuanzia Agosti hadi Desemba. Shida kubwa ninayoiona ni kwamba watu wanaanza kuuliza wakishapata matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), na saa hiyo kocha wa kule ameshapanga timu yake ya mwaka huo kitambo. Kwa Division I (daraja la juu kabisa la NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo kule) kocha anaruhusiwa kuanza kukujibu na kuongea nawe kuanzia Juni 15 baada ya kumaliza mwaka wa pili wa sekondari, yaani form two au gredi ya 10. Kumwandikia unaweza hata kabla ya hapo, tena ni vizuri, lakini akinyamaza usivunjike moyo, ni sheria inamfunga.

Kabla ya fomu yoyote jua unacheza namba gani. Kocha wa chuo hatafuti mchezaji mzuri tu hivi hivi, anatafuta wa kuziba pengo, seta wake anamaliza masomo mwaka fulani basi yeye anahitaji seta wa kuingia mwaka huo. Shule zetu nyingi mchezaji hodari anapigishwa kila mahali, leo anaseti kesho anapiga kushoto, halafu akiulizwa anasema "nacheza zote." Usiseme hivyo. Chagua moja, taja ya pili ukitaka, basi.

Kwenye fomu zao utakutana na herufi. S ni seta. OH ni mshambuliaji wa kushoto, huyu anapiga na pia anapokea sevu, kwa hivyo wakiangalia vidio yako wataangalia pasi zako kabla ya spaiki. OPP au RS ni wa kulia, kazi yake kubwa ni kupiga na kumbloki mshambuliaji wa kushoto wa wapinzani. MB ni mido, huyu ni bloki na mipira ya haraka, na Division I wengi wao wamepita futi sita. L ni libero, yule wa ulinzi wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti. Halafu kuna DS (defensive specialist, mtaalamu wa ulinzi wa nyuma), hii kwetu hatuna kabisa na ndio nataka wale wafupi waisome polepole.

Kwa sheria za kimataifa, zile tunazochezea huku, timu inabadilisha wachezaji mara 6 tu kwa seti na libero hapigi sevu. Kwa voliboli ya wanawake ya vyuo vya NCAA wanaruhusiwa kubadilisha mara 15 kwa seti, na libero anaweza kupiga sevu kwenye zamu moja. Maana yake ni nini? Ni kwamba kocha ana nafasi ya kumtoa mido kila akifika nyuma na kumuingiza mtu wa kupokea na kudigi peke yake, na huyo ndiye DS. Kwa hivyo wewe wa futi tano na inchi nne unayepokea sevu bila kutetereka usijiondoe kwenye hesabu kwa sababu ya urefu, jiandike L/DS na ufanye mazoezi ya sevu kama mwendawazimu maana DS asiye na sevu kali hachukuliwi kirahisi.

Sasa vipimo. Usikisie, kila kocha atauliza namba mbili, unafikia wapi ukisimama na unagusa wapi ukiruka kwa kukimbia. Tafuta ukuta mrefu, paka vidole chaki, simama ubavu kwa ukuta visigino chini, nyoosha mkono na uguse. Halafu rudi nyuma, piga zile hatua zako za kukimbilia spaiki, ruka na uguse tena, rudia mara kadhaa uchukue alama ya juu kabisa. Mwalimu apime kwa tepu kutoka chini, aandike kwa sentimita na kwa futi na inchi, maana wao wanatumia futi. Neti ya wanawake ni mita 2.24 kule na huku, so hata wewe mwenyewe utajua uko juu yake kiasi gani. Usiongeze hata inchi moja, siku ukifika utapimwa.

Vidio ndio itakayokuombea nafasi, kwa sababu hakuna kocha atakayekuja kukuona Machakos wala Kakamega. Simu inatosha. Iweke nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja, juu kidogo, hata kama ni juu ya meza iliyowekwa juu ya dawati, ionyeshe uwanja mzima na isitembee tembee. Kata dakika tatu mpaka tano za vipande vyako bora, mwanzoni weka jina, namba ya jezi, nafasi, urefu na mwaka wa kumaliza shule, na kipande cha kwanza kiwe kile kinachohusu nafasi yako. Usiweke muziki. Halafu weka pia mechi moja nzima bila kukata, makocha makini wataiomba kwa sababu wanataka kuona unafanyaje baada ya kukosea mpira.

Ukishapata hivyo andika imeili. Moja kwa kila kocha, umtaje jina lake na chuo chake, usitume ile moja kwa watu hamsini. Kwenye kichwa cha imeili weka jina, nafasi, urefu, mwaka wa kuingia chuo na Kenya. Ndani sema kifupi shule yako, alama zako, vipimo vyako, linki ya vidio, na kwa nini chuo hicho. Usiandikie Division I peke yake. Kuna Division II, kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ambao wana mfumo wao wa usajili, na kuna NJCAA ambavyo ni vyuo vya miaka miwili, hivi vinafaa sana kwa mtu ambaye alama zake ni za chini kidogo, anasoma pale halafu anahamia chuo kikubwa. Division III hawatoi pesa kwa sababu ya mchezo, ila wanaweza kukusaidia kwa masomo au kwa uhitaji wa familia.

Usajili wenyewe wa NCAA unafanyika kwenye tovuti ya Eligibility Center, ofisi yao inayothibitisha kama unastahili kucheza. Anza na akaunti ya bure, inakupa NCAA ID na kocha akiiuliza unayo. Kocha wa Division I au II akishaonyesha nia ya kweli ndio unabadilisha uwe na akaunti kamili ya masomo na michezo, hiyo inalipiwa na kwa sisi wa nje ya Marekani inazidi dola 150, kwa hivyo usiilipe kabla ya wakati. Watataka rekodi zako kuanzia form one, yaani gredi ya 9, pamoja na matokeo ya KCSE, so ripoti fomu za kila muhula usizitupe, omba shule transkripti yenye mhuri mapema. Jina liwe lilelile kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa na KCSE, herufi moja ikipishana faili linakwama. SAT na ACT (mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani) hazihitajiki tena kwa upande wa NCAA tangu 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuitaka, na vingi vitataka TOEFL au Duolingo, mitihani ya Kiingereza.

Kwenye akaunti hiyo kuna sehemu ya historia ya michezo, na hapa nawaomba sana muwe makini. Utaulizwa timu zote ulizochezea, mashindano, zawadi, na kama umewahi kulipwa. Ligi yetu ina klabu za mashirika na idara ambazo mchezaji anaajiriwa, na ukitoka shule moja kwa moja ukaingia huko kwa mshahara unaweza kujifungia mlango wa NCAA. Tena hata bila mshahara, ukikaa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari ukiendelea kucheza mashindano rasmi unaweza kukatwa misimu ya kucheza chuoni. Kabla ya kusaini na klabu yoyote uliza kwanza. Na ukijaza jaza ukweli wote.

Kuhusu ma-ejenti: anayetaka asilimia ya skolashipu yako mkatae hapohapo, NCAA hairuhusu malipo ya namna hiyo na wewe ndiye utakayeumia. Ushauri wa bure upo, EducationUSA (huduma ya serikali ya Marekani ya ushauri wa masomo) wana ofisi ubalozi wa Marekani pale Nairobi.

Ofa ikija isome na mzazi. Ile karatasi ya zamani ya kuahidi kujiunga na chuo, iliyoitwa NLI, ilifutwa Oktoba 2024, sasa kinachosainiwa ni mkataba wa msaada wa fedha wa chuo chenyewe. Uliza kama inalipa karo, malazi, chakula, vitabu na bima, au sehemu tu, kwa sababu siku hizi hata Division I wanaweza kugawa skolashipu vipande vipande. Uliza pia ni ya mwaka mmoja au zaidi, na ukiumia goti inakuwaje.

Ukishakubaliwa na chuo kwa masomo wanakutumia fomu ya I-20, ya kuombea viza ya mwanafunzi. Lipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, jaza DS-160, yaani fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, lipa ada ya viza dola 185, upange intavyuu. Masharti ya viza yanatofautiana nchi na nchi na yanabadilika, kwa hivyo ndugu zetu wa Tanzania, Uganda na Burundi muangalie tovuti ya ubalozi wenu kabla ya kulipa chochote.

Halafu kuna hii ambayo wengi wanaisahau: kama unaingia chuo Agosti, kuanzia Aprili 1 mwaka huohuo unatakiwa urudi kwenye akaunti ya Eligibility Center uombe uthibitisho wa mwisho kuhusu hadhi yako ya uridhaa, yaani kwamba wewe si mchezaji wa kulipwa. Haijitumi yenyewe. Usipoibonyeza faili lako halifungwi, na timu za wanawake zinaanza kambi mwanzoni mwa Agosti.