Kabla hujafunga sabufa kwenye gari, hesabu omu

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, "wati 2000", iache. Tafuta wati za RMS, ndizo ambazo sabufa inazibeba muda wote, kisha uziangalie pamoja na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), maana amplifaya ileile hutoa wati tofauti kwenye omu 4 na kwenye omu 2.

Chukua sabufa yenye koili mbili (waya uliozungushwa ndani ya spika) za omu 4 kila moja. Ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi (sambamba), amplifaya inaona omu 2. Ukitoa hasi ya koili ya kwanza ukaipeleka chanya ya koili ya pili (mfuatano), inaona omu 8 na mdundo unapoa. Sabufa mbili za hivyo, zote sambamba, ni omu 1, na hapo amplifaya isiyoruhusu chini ya omu 2 itajizima kila besi ikikolea, au iungue kabisa. Pima kwa mita kabla ya kuwasha. Koili ya omu 4 kusoma 3 na nusu hivi ni kawaida.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiwashe gari moto. Mafundi wengi huibandika kule nyuma kwenye buti, pembeni ya amplifaya. Kataa. Waya wa hasi, unaofungwa kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, mnene sawa na wa chanya, na rangi ya bodi ikwanguliwe hadi chuma king'ae ndipo boliti ikazwe.