Kubishana Kuhusu Kura Bila Kuumbuana: Mwongozo wa Admini wa Kundi la Mtaa

Tangu mwaka 2016 nimekuwa admini wa kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu hapa Mombasa, kundi lililoanzishwa kwa ajili ya kupashana habari za maji, ulinzi wa usiku na misiba. Kila uchaguzi unapokaribia, habari za maji husahauliwa, na kuanzia alfajiri zikaanza kumiminika picha na video ambazo juu yake programu yenyewe imeandika kwamba zimesambazwa mara nyingi. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya unaangukia tarehe 10 Agosti 2027, na minong'ono imekwisha kuanza. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya wasimamizi wenzangu wa makundi ya aina hii, na nitautumia mfano mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mfano huo ndio ulionifundisha, na ulinifundisha kwa gharama.

Mfano wenyewe

Tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa rais mteule kwa kura 7,176,141 dhidi ya kura 6,942,930 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo hayo, na kesho yake wakawaeleza waandishi wa habari kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000. Madai hayo yalikuwa na uzito wa kipekee, maana hayakuzuliwa maskani. Yalitoka kwa watu waliokuwa ndani ya Tume. Kabla ya magharibi yalikuwa yamekwisha kuingia kundini mwetu mara saba au nane, kwa picha, kwa video, na kwa sauti ya mtu asiyejulikana aliyekuwa akizungumza kama anayelia.

Hatua ya kwanza: Tenga swali na hukumu

Dai la njama aghalabu huja na vitu viwili vilivyofungwa fundo moja. Hapa swali lilikuwa, "Kwa nini asilimia zimezidi mia?" na hukumu ilikuwa, "Kwa hiyo kura zimeibwa." Swali lilikuwa halali kabisa, na mtu anayeijibu hukumu peke yake, kwa kuandika kwa mfano "acheni kulia, mmeshindwa", humdharau mwenzake aliyeuliza jambo la maana. Mimi sasa huanza kwa kulirudia swali kama lilivyoulizwa, bila kulipotosha, kisha nikakiri sababu ya wasiwasi uliomo ndani yake.

Sababu hiyo kwetu ipo kwenye kumbukumbu za mahakama. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika mwezi mmoja kabla, na miongoni mwa kasoro walizozitaja majaji waliokuwa wengi ni jinsi matokeo yalivyopeperushwa kutoka vituoni. Mtu aliyeyashuhudia hayo, kisha akashuku tena miaka mitano baadaye, hajarukwa na akili. Ukimtumia imoji ya kucheka hadi kutoa machozi, ataacha kukusikiliza papo hapo, hata kama hesabu zako ni sahihi hadi desimali ya mwisho.

Hatua ya pili: Piga hesabu ukiwa peke yako

Kabla ya kuandika neno lolote kundini, toka nje ya kundi na ulikague dai mwenyewe. Mimi niliketi dukani kwangu na simu nikafungua kikokotoo, nikarudia mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini nilichokiona. Kura halali zote zilikuwa 14,213,027. Asilimia moja ya kura hizo ni takriban 142,130, na kwa hiyo asilimia 0.01 ni kura 1,421 tu. Waliosema 142,000 walikuwa wamezidisha mara mia, kosa ambalo mtu yeyote aliyechoka anaweza kulifanya, ingawa si kila aliyechoka huwa amezungukwa na kamera.

Lakini hata hizo 1,421 hazikuwapo. Ukizigawanya kura za kila mgombea kwa jumla ya kura halali, ukaandika majibu kwa desimali tatu, Ruto anapata 50.490, Odinga 48.849, George Wajackoyah 0.436 na David Waihiga 0.225, na jumla yake ni 100.000 kamili. Ukiziandika kwa desimali mbili, kama Tume ilivyofanya, kila namba husogezwa hadi ile iliyo karibu nayo zaidi: 48.849 hupanda ikawa 48.85, 0.436 ikawa 0.44, na ya mwisho, ambayo imepita 0.225 kwa kiasi kidogo sana, ikawa 0.23. Zijumlishe tena utapata 100.01. Hakuna kura iliyoongezwa. Ni uandishi wa desimali tu.

Jizoeze kuieleza hesabu hiyo kwa sentensi tatu ambazo mtu anayesoma akiwa ndani ya matatu anaweza kuzifuata. Ukishindwa, hujaielewa bado.

Hatua ya tatu: Msitiri mwenzako

Hapa ndipo nilipoharibu. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye sote tunamwita Ami na ambaye watoto wangu wamesoma Kurani barazani kwake, alikuwa ameituma ile picha ya 142,000 na kuandika chini yake, "Wenye macho waone." Nami, nikiwa nimelewa hesabu zangu, nikamjibu mbele ya watu 200 na zaidi, kwa aya ndefu yenye namba zote nilizozitaja hapo juu, nikamalizia kwa kusema kwamba hata mtoto wa darasa la saba asingelikosea hivyo. Vijana wakashangilia. Baada ya dakika nne hivi ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema kwamba fulani ametoka. Kwa miezi mitatu tulipishana njiani naye akiangalia upande mwingine, na hoja yangu, iliyokuwa sahihi, haikumfikia kamwe, kwa kuwa aliyekwisha kuumbuliwa hana nafasi ya kusoma. Anatafuta pa kujificha.

Siku hizi nafanya hivi. Jibu la kwanza nalituma faragha, kwa mtu mwenyewe, kwa salamu na heshima za umri wake, na nalituma kama jambo ninalotaka tulitazame pamoja. Kwa mfano: "Shikamoo Ami. Nimeiona ile picha ya asilimia, nami ilinishtua. Nimejaribu kuipigia hesabu nikapata 1,421 badala ya 142,000. Hebu nitazamie kama nimekosea mahali." Maneno ya mwisho sio hila. Mara mbili nimesahihishwa kweli na watu niliowaandikia hivyo, mmoja wao akiwa karani wa benki aliyestaafu.

Mpe muda, angalau hadi sala inayofuata au hadi asubuhi. Akiridhika, mwachie yeye mwenyewe aamue kama ataifuta picha au ataandika sahihisho, na akiandika, usimjazie sifa nyingi mbele za watu, kwa sababu sifa za kupita kiasi nazo zinaumbua. Ikiwa uzushi wenyewe ni wa hatari, kama vile kudai kwamba watu wa kabila fulani wanakuja kuvamia usiku, usingoje: admini anao uwezo wa kuufuta ujumbe kwa wote, na aufute mara moja, kisha amwandikie aliyeutuma kumweleza sababu.

Hatua ya nne: Mwende pamoja hadi kwenye fomu

Mabishano kuhusu kura za nchi nzima hayana mwisho, lakini mabishano kuhusu chumba kimoja cha shule ya msingi yanaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Mwaka 2022 Tume iliziweka mtandaoni picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya rais inayojazwa katika kila kituo cha kupigia kura, na vituo vilikuwa 46,229. Nakala ya fomu hiyo hubandikwa pia mlangoni pa kituo, na mawakala wa wagombea hupewa zao.

Nilipokwenda hatimaye kumwomba Ami radhi, nikiwa na kilo mbili za tende, hatukuzungumzia asilimia. Nilimuuliza alipigia kura wapi, tukaifungua fomu ya kituo chake kwenye simu yangu, tukaikuza. Tulitazama jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, jumla ya kura halali, kisha sahihi za mawakala. Mwandiko wa aliyeijaza ulikuwa mbaya, na tulibishana kwa dakika nyingi kama tarakimu moja ni 1 au ni 7, yeye akiwa amevaa miwani yake na mimi nimeigeuza simu kila upande, mpaka tulipojumlisha safu nzima tukakuta kwamba 7 pekee ndiyo inayoleta jumla iliyoandikwa chini. Mmoja wa mawakala waliotia sahihi alikuwa mpwa wake. Alimpigia simu hapo hapo, akamuuliza, mpwa akazisoma namba zile zile kutoka kwenye nakala yake.

Usiseme kwamba hilo limethibitisha nchi nzima, kwa sababu halijathibitisha, na mzee mwenye akili atakwambia hivyo. Ndipo nilipomweleza kilichofanyika mahakamani: kwamba Mahakama ya Juu iliamuru fomu zikaguliwe, na kwamba tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome waliyathibitisha matokeo, baada ya kutopata ushahidi wa kuaminika kwamba fomu zilizowekwa mtandaoni zilibadilishwa zikiwa njiani. Hukumu ya mahakama ile ile aliyoishangilia mwaka 2017 ilikuwa na uzito kwake ambao maneno yangu hayangeupata.

Hatua ya tano: Linda majina ya watu

Katika kundi letu mtu anaweza kuandika lolote kuhusu bajeti, kuhusu mgombea, kuhusu Tume, kuhusu mimi. Yasiyoruhusiwa ni maneno yanayowageuza majirani kuwa uchafu au wageni. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na humo yamo "madoadoa", "kwekwe", "mende" na, kwa upande wetu wa Pwani, "wakuja" na "wabara waende kwao". Wanaokumbuka vurugu za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, hawahitaji kuelezwa neno kama madoadoa hufanya kazi gani, na wakati huo ujumbe mfupi wa simu za kawaida ulitosha kulieneza.

Nimelibandika sharti hilo kwenye maelezo ya kundi, nami nalitekeleza kwa marafiki zangu kwanza. Sheria ipo, na kosa la matamshi ya chuki laweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitatu, lakini siitaji sheria hiyo kundini isipokuwa nimelazimika. Aliyetishiwa hunyamaza kundini kisha akahamia kundi jingine ambako hakuna wa kumjibu.

Hatua ya sita: Uliza swali moja, kisha ukubali kusimama

Wapo ambao kila ushahidi kwao ni sehemu ya njama: fomu imebadilishwa, wakala amenunuliwa, jaji ametishwa. Muulize mtu wa namna hiyo, kwa upole na mara moja tu, "Ndugu yangu, ni kitu gani ukikiona utasema hapa nilikosea?" Akitaja kitu, kitafuteni. Akisema hakuna, mjibu kwamba umemsikia na kwamba tufikie hapo, kisha ufikie hapo kweli. Usirudi baada ya saa mbili na kiungo kipya cha habari.

Hatua ya saba: Funga mlango usiku

Kwenye mipangilio ya kundi kuna mahali pa kuruhusu wasimamizi peke yao kutuma ujumbe. Katika siku za kuhesabu kura mimi hufunga saa nne usiku na kufungua baada ya sala ya alfajiri, baada ya kutangaza saa hizo siku kadhaa mapema, ili asiwepo wa kusema kwamba nimewafunga midomo watu wa mgombea wake. Wanaohitaji msaada wa dharura wana namba za walinzi. Ninapofungua, ujumbe wa kwanza huwa wangu, nao huhusu zamu ya maji: leo upande wa juu, kesho upande wa chini. Ami, ambaye alirudi kundini mwezi Desemba 2022, ndiye hunijibu wa kwanza, kwa kawaida akilalamika kwamba upande wa chini unasahauliwa.