Somo: Kuandaa utafiti wa uzamivu wa Afya Moja ukiwa Lindi au Mtwara

Somo hili ni la wenye shahada ya uzamili (wauguzi, matabibu, maofisa mifugo, watu wa maabara, wanasosholojia) wanaotaka kuingia uzamivu kwa mada ya Afya Moja, yaani afya ya watu, wanyama na mazingira ikitazamwa kwa pamoja, isiyotosha katika taaluma moja. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ni homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitoa taarifa ya wagonjwa 20 na vifo 3 mkoani Lindi, wilaya ya Ruangwa. Watu walikuwa na homa, kichwa kikiuma, mwili umechoka, wengine wakitokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilitoka hasi, na baadaye ikathibitika kuwa ni leptospira, bakteria anayetoka kwenye mkojo wa panya, ng'ombe, mbuzi, nguruwe na wanyama wengine. Binadamu humpata kupitia maji, tope au kidonda. Daktari peke yake hawezi kuumaliza ugonjwa wa namna hii, wala daktari wa mifugo peke yake.

Hatua ya 1: Swali

Hapa ndipo tasnifu nyingi za taaluma mchanganyiko zinapoharibikia, na mwandishi hugundua miaka mitatu baadaye. Tazama mada hii: "Kiwango cha leptospira kwa panya, na uelewa wa jamii kuhusu homa ya mgunda, wilayani Ruangwa." Hizo ni tasnifu mbili zilizofungwa kamba moja. Matokeo ya panya hayahitaji majibu ya jamii, na majibu ya jamii hayahitaji panya.

Ilinganishe na hii: "Kati ya watu wanaofika zahanati wakiwa na homa huku kipimo cha malaria kikiwa hasi, wangapi wana leptospira? Wanyama gani wa mazingira yao wanaibeba? Na kazi zipi za shambani na nyumbani zinawakutanisha watu hao na mkojo wa wanyama hao?" Sasa mhojaji anamtegemea mtu wa maabara, na mtu wa maabara anamtegemea mhojaji ili ajue atege panya ghalani, kisimani au kwenye kibanda cha shambani.

Jipime hivi: futa taaluma moja kwenye andiko lako. Kama swali bado linajibika, taaluma hiyo ilikuwa pambo. Iondoe au badilisha swali.

Hatua ya 2: Wasimamizi

Chukua wawili au watatu, na mmoja awe mkuu kwa maandishi. Kabla ya kuandika sura ya kwanza waketi pamoja, hata kwa simu, wakubaliane mambo manne: nani ana neno la mwisho kuhusu mbinu, rasimu inarudi ndani ya siku ngapi, nani atakuwa mwandishi kwenye makala ipi, na data ni za nani ukimaliza. Andika muhtasari, uwatumie siku hiyohiyo. Ukiwaona mmojammoja kwa miezi sita utajikuta na maandiko matatu tofauti mkononi.

Hatua ya 3: Kujifunza taaluma ya pili

Hutakiwi kuwa bingwa wa kila kitu. Unatakiwa kuwa mzito katika taaluma moja na kuielewa ya pili kiasi cha kugundua kosa. Mtu wa sayansi ya jamii akae maabara wiki nne, ashike bomba la kunyonyea sampuli, aone sampuli ikiharibika mbele ya macho yake. Mtu wa maabara afanye mahojiano ya kina matano, ayanakili neno kwa neno, kisha ayawekee misimbo (alama za maudhui) pamoja na mtu mwingine na kulinganisha. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kunakili. Asiyejua hilo huweka mahojiano 60 kwenye ratiba ya mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Hesabu ya washiriki

Kwa dodoso la kaya, wengi huanza na kanuni inayojulikana: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara p, mara (1 − p), gawanya kwa d kwa kipeo cha pili. Ukiweka p (kiwango unachokitarajia) = 0.5 na d (kosa unaloliruhusu) = 0.05 unapata 385. Kisha wanasimama hapo, na hapo ndipo kosa lilipo. Huchukui watu mmojammoja kutoka wilaya nzima. Unachukua vitongoji, na wakazi wa kitongoji kimoja huchota kisima kimoja na kulima bonde moja. Wanafanana, kwa hiyo mtu wa ishirini hakuongezei habari kama mtu wa kwanza.

Zidisha kwa 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni idadi ya watu kwa kitongoji na ICC ni kipimo cha kufanana kwao. Kwa m = 20 na ICC = 0.05 unapata 1.95, na 385 × 1.95 ni 751. Ukitarajia asilimia 10 wasipatikane, gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1. Jibu ni 835, yaani vitongoji 42. Ukipunguza hadi watu 10 kwa kitongoji, kizidishio kinashuka hadi 1.45 na unahitaji watu 622 tu, ila vitongoji vinakuwa 63. Watu wamepungua, mafuta ya gari yameongezeka. Piga hesabu zote mbili kwa shilingi kabla ya kuchagua.

Kusini tuna mfano mzuri wa jambo hili. Utafiti wa kuwapa watoto wachanga dawa ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine) wakati wa chanjo, kuwakinga na malaria, uligawa tarafa 24 za wilaya tano: Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Tandahimba na Newala. Kilichogawanywa kwa bahati nasibu ni tarafa, si mtoto mmojammoja, hivyo hata uchambuzi ulipaswa kuheshimu tarafa, ingawa watoto walikuwa maelfu.

Hatua ya 5: Vibali

Kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa utafiti wa afya ya binadamu. Wanyama wana kibali chao, na kibali cha binadamu hakikuruhusu kutega panya. Ukiwa na mtafiti mgeni, COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Sampuli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli. Majina, namba za simu na majibu ya vipimo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kwa hiyo orodha ya majina ikae mbali na data, kwenye faili lenye nywila.

Halafu barua zinashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri kwa Mkurugenzi, Mganga Mkuu wa Wilaya na ofisa mifugo, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi. Ukiingia kijijini bila mtendaji kujua na ukaanza kutoa damu, uvumi utakutangulia kijiji cha pili, na uvumi wa "wanyonya damu" hauondolewi kwa barua.

Hatua ya 6: Kalenda

Kalenda ya chuo haijui korosho. Juni hadi Agosti watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba wanaokota, na kaya nyingi huhamia shambani. Ukipita saa nne asubuhi unakuta wazee na watoto, na dodoso lako linakosa hasa wale wanaoshika tope na maghala. Mvua ni Desemba hadi Aprili. Barabara za ndani hufunga, na ndicho kipindi leptospira hukaa vizuri kwenye maji. Likizo za Juni na Desemba zina jando na unyago. Weka duru mbili za kukusanya data, moja ya mvua na moja ya kiangazi, na pita kaya jioni au Jumapili. Ukikusanya Agosti tu, utasema maambukizi ni madogo kumbe ulikwenda wakati wa ukame.

Hatua ya 7: Damu

Kwa mwenye homa ndani ya wiki ya kwanza, PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria) hufanywa kwenye damu ya tyubu ya kofia ya zambarau. Usitumie kofia ya kijani, kwa sababu heparini iliyomo huzuia PCR, na utapata "hasi" zisizo za kweli bila dalili yoyote ya kosa. Kuanzia wiki ya pili, mkojo ndio unaofaa zaidi.

Kwa kingamwili tumia kofia nyekundu. Acha damu igande dakika 30 hadi 60, izungushe kwenye mashine ya sentrifuji dakika 10 kwa nguvu ya 1,000 hadi 2,000 g ili serumu (majimaji ya juu) ijitenge. Soma vizuri: g ni nguvu ikilinganishwa na uvutano wa dunia, si idadi ya mizunguko. Mashine yenye nusukipenyo cha sentimita 10 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa takriban 1,000 g, na mashine ndogo zaidi hutoa pungufu. Gawa serumu kwenye vichupa vitatu vya mililita 0.5, kwa kuwa kila kuyeyusha na kugandisha upya kunaidhoofisha. Kamwe usigandishe damu nzima ukidhani utatenga serumu baadaye. Chembe nyekundu hupasuka na sampuli imekwisha.

Kipimo cha MAT, kinachopima kingamwili dhidi ya leptospira, kinahitaji sampuli mbili zilizoachana siku 10 hadi 14, na kingamwili kupanda mara nne. Muulize mkuu wa maabara anatumia leptospira za aina gani. Kama hana za hapa nchini, kwa mfano ile ya Sokoine iliyotengwa Morogoro, wagonjwa wako wa kweli wanaweza kutoka hasi.

Hatua ya 8: Kuchanganya

Tengeneza jedwali la kuunganisha matokeo kabla ya kwenda uwanjani, likiwa tupu. Kila safu ya ulalo ni kazi moja: kuokota korosho, kulima mpunga bondeni, kuhifadhi mahindi chumbani, kuchinja. Safu za wima ni nne: dodoso linasema nini, wahojiwa wanasema nini, maabara ya watu na wanyama inasema nini, na ya mwisho kabisa, je, yanakubaliana? Yakipingana, usifiche. Dodoso likionyesha panya hawaonekani huku mitego ya ndani ikijaa, hapo una sura nzima ya tasnifu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Masasi:* Shikamooni walimu. Wasimamizi wangu wanavutana. Mmoja anasema mahojiano 30 yanatosha, mwingine anataka watu 800. Nimsikilize nani?

Marahaba. Wote, kwa sababu wanajibu mambo mawili. Watu 800 wanakuambia jambo ni la wangapi. Mahojiano 30 yanakuambia linatokeaje. Wachague hao 30 kutoka ndani ya wale 800: walioambukizwa na wasioambukizwa, wanawake na wanaume, wa bondeni na wa mlimani. Hapo namba za dodoso na sauti za mahojiano zinafungana kwa mtu yuleyule.

*Mwanachama wa Newala:* Wazee wengi kwetu hujibu Kimakonde. Natosheka kutafsiri papo hapo?

Hapana. Tafsiri iandikwe, mtu wa pili asiyeona Kiswahili cha awali airudishe kwenye Kiswahili, mlinganishe, kisha mjaribu kwa watu 10 nje ya eneo la utafiti. Neno "homa" ndilo la kuangalia zaidi: wapo wanaolitumia kwa malaria tu, na degedege wengine huliweka fungu tofauti kabisa, la mambo ya pepo. Uliza dalili moja moja. Tena usidharau lugha ya hapo: jina chikungunya, linalotumika duniani kote, limetoka kwenye Kimakonde, likielezea mgonjwa aliyekunjamana kwa maumivu ya viungo, baada ya mlipuko wa 1952 huko kwenye uwanda wa Makonde.

*Mwanachama wa Liwale:* Zahanati haina umeme wa uhakika. Serumu itafikaje?

Fanya kazi ya kutenga hapohapo, kisha weka serumu kwenye sanduku la chanjo lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, pamoja na kipimajoto kinachorekodi. Kichupa kisiguse barafu moja kwa moja. Panga gari liondoke siku hiyohiyo au kesho yake kwenda kwenye friza ya nyuzi −20 au chini zaidi. Andika saa ya kutoa damu, saa ya kuzungusha na saa ya kugandisha. Mtahini atauliza, na bila saa hizo huna la kumjibu.

*Mwanachama wa Kilwa:* Mwenyekiti wa kijiji ameshasema kijiji chote kimekubali. Bado nahitaji sahihi za watu?

Unazihitaji. Mwenyekiti anakupa ruhusa ya kuingia, hawezi kutoa idhini ya mwili wa mtu mwingine. Kila mtu mzima akubali mwenyewe. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu yako, kisha aweke dole gumba. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi na ridhaa yake mwenyewe kama ana umri wa kuelewa. Na usimfanye mwenyekiti msaidizi wa utafiti: mbele yake watu hawakatai.

*Mwanachama wa Mtwara Mjini:* Sampuli ya pili ya MAT watu hawarudi. Nifanye nini?

Siku ya kwanza chukua namba mbili za simu, jina la kitongoji na la balozi, na uulize msimu huu analala wapi: nyumbani au shambani. Mpangie tarehe, umpigie siku mbili kabla, na umfuate wewe badala ya kumwita. Rudisha nauli na muda wake kwa kiwango kilichoidhinishwa na kamati. Na kama majibu ya PCR yametoka chanya, mpe taarifa na mpeleke akatibiwe mapema, bila kungoja sampuli ya pili. Antibiotiki kama doxycycline zipo.